Ukuta wa Darasa la Tatu Umenimaliza

Watu wangu, nisaidieni!

Leo Mwalimu Kinoti ametuita wazazi shuleni, hapa Mikinduri, tuone vile watoto watasoma na projekta. Sheria yake: maneno yakitokea ukutani, darasa lote linasoma kwa sauti.

Simu yake ikakataa kuungana. Nani akatoa yake? Mimi! Ikashika projekta mara moja; kwetu Tigania yote hakuna simu kali hivyo.

Nikawa nawaambia wababa vile kwangu sijawahi gusa sufuria.

Pap! Meseji ya mke wangu ukutani. Watoto wote pamoja:

"BABA MAKENA, UMETOROKA VYOMBO TENA. NA LEO NI ZAMU YAKO!"

Mwalimu alikuwa amegeuka akifunga pazia. "Vizuri sana! Rudieni, kwa nguvu!"

Wakarudia. Makena wangu ndiye aliongoza.

Sasa niambieni, kesho sokoni nitapitia wapi?