Niligongwa kwenye zebra Kariakoo, nikamuuliza dereva meseji aliyokuwa anasoma ilisema nini

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mliojibanza kwenye foleni.

Kama unasoma hapa huku umeshika usukani, funga kwanza. Uzi hautakimbia, utaukuta jioni.

Ninachoandika kimenipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na mguu ninao hapa kama ushahidi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea kwenye baraza moja hapo Kariakoo, mimi na mdogo wangu Zuhura. Sare za shule, madera, na kupunguza suruali za watu wanaonunua bila kujaribu.

Cherehani yangu ni ile ya kukanyaga kwa miguu. Shikeni hilo, maana ndipo maumivu yalipo.

Sasa, asubuhi moja zipu zikatuishia katikati ya kazi. Nikamwachia Zuhura wateja, nikatoka kuvuka barabara ya Msimbazi kwenda kununua.

Nilivuka kwenye zebra. Nalisema mapema kwa sababu najua kuna mtu atauliza.

Bajaji ikasimama. Bodaboda naye akasimama, na wenyeji wa Kariakoo mnajua hiyo peke yake ni habari. Nikaingia barabarani.

Kulikuwa na gari dogo jeupe linakuja taratibu. Taratibu kweli, pale hakuna pa kukimbilia. Nikajua huyu naye anasimama. Nikamwangalia ili tuonane macho, kama tunavyofanya kila siku tukivuka.

Sikuona macho, wakuu. Niliona kofia.

Ile kofia ya kushonwa kwa mkono, yenye nakshi. Niliiona juu yake, duara zima. Maana yake kichwa kilikuwa kimeinamia mapajani.

Nilipiga kelele, nadhani. Kilichofuata nakumbuka niko chini, kanga imelowa maji ya barabarani, na mbeba mizigo mmoja amenishika kichwa ananiambia, "Dada usiutazame mguu. Nitazame mimi."

Nikautazama. Msifanye hivyo.

Mfupa wa muundi, mguu wa kushoto, ulivunjika. Hospitali wakaweka vyuma.

Mambo ya polisi na bima yalikwenda kwa utaratibu wake, sitaingia huko. Ila niseme haki: yule dereva hakukimbia. Yeye ndiye aliyesaidia kunibeba kuniingiza kwenye gari.

Siku nilipoweza kuinuka na kukaa kitandani, akaja wodini na baba yake. Ni familia ya Waarabu wa hapa hapa mjini, wana duka la spea mtaa wa Gerezani na magari ya mizigo. Kijana anaitwa Salim, baba yake Mzee Said.

Nikamwamkia mzee. Akaitikia, akaanza kuniomba radhi kwa niaba ya mwanawe. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamgeukia Salim.

"Mdogo wangu, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naangalia meseji, dada."

"Hilo nalijua. Nauliza meseji yenyewe ilisema nini?"

Akamtazama baba yake. Mzee akamwambia, "Mjibu."

"Lilikuwa group la familia, dada. Harusi ya binamu yangu. Walikuwa wanabishana iwe pilau au biriani."

"Na hiyo uliyokuwa unaisoma?"

Akainamisha kichwa. "Shangazi aliandika 'sawa'."

"Sawa tu?"

"Sawa tu, dada."

Wakuu, nilicheka. Nilicheka mpaka vyuma vikauma, nesi akaja kuangalia kuna nini. Halafu kicheko kikageuka kilio na sikuweza kukizuia. Mzee Said akawa anasema astaghfirullah, astaghfirullah, mikono usoni.

Kuna kitu nilikuwa nakitaka pale na sikujua mpaka nilipokikosa. Nilitaka iwe habari kubwa. Msiba, mtoto mgonjwa, chochote. Ningesema basi, binadamu alishtuka. Lakini mguu wangu na pilau?

Miezi iliyofuata ndiyo iliyonifundisha mguu ni nini. Nilijaribu kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika, sindano inavunjika. Wateja wa sare wakasubiri wakachoka, wakaenda kwingine, na siwalaumu, shule haisubiri fundi apone. Zuhura akabeba kazi ya wawili. Usiku nilikuwa namsikia anajikanda mgongo kimya kimya ili nisijue.

Taratibu nikarudi. Mguu wa kushoto sasa unafuata tu, kazi inafanywa na wa kulia. Na natembea na mkongojo.

Siku moja Salim akaja barazani. Alikuwa anakuja mara kwa mara kujulia hali, lakini siku hiyo alikaa akichezea vipande vya vitambaa.

"Dada, nina ombi. Madereva wetu bado wanaongea na simu barabarani. Nikiwaambia, wananiona mtoto wa bosi tu. Njoo uwaambie wewe."

Nikamwambia mimi sio mhubiri. Zuhura akadakia kutoka kwenye cherehani yake, "Nenda. Au unasubiri mwingine agongwe ndiyo aende yeye kuwaambia?"

Nikaenda.

Ni pale Gerezani, nje ya duka lao, madereva wamekaa kwenye mabenchi na soda zao. Sura zote zinasema tumalize tuondoke. Nikawasimulia kama nilivyowasimulia nyinyi. Nilipofika kwenye kofia, soda zikawekwa chini.

Mmoja, mtu mzima wanayemwita Baba Hawa, akanyoosha mkono.

"Dada, pole sana. Lakini tuseme ukweli. Simu ndiyo kazi yetu. Bosi akipiga usipopokea, mzigo anapewa mwingine."

Wenzake wakaguna kukubali. Hata mimi niliona anasema kweli.

Mzee Said, ambaye muda wote alikuwa amesimama mlangoni, akasogea mbele.

"Bosi mwenyewe ndiyo mimi. Kuanzia leo nikikupigia usipopokea, nitajua uko barabarani. Paki, ndiyo unipigie. Asiyepokea hanyimwi mzigo. Anayepokea huku nasikia honi, huyo ndiye tutakayegombana naye."

Hakuna aliyepiga makofi. Ila niliona mabega yanashuka.

Mara simu ya Baba Hawa ikaita. Wote wakamgeukia. Mzee wa watu akawa anaibonyeza kuikata, vidole vinateleza.

"Pokea tu, kaka yangu," nikamwambia. "Hapa umekaa kwenye benchi."

Walicheka kweli, na ndipo mazungumzo yakaanza. Mmoja akasema yeye anatumia earphone, kwa hiyo yuko salama. Nikamuuliza, mkeo akikupigia kukugombeza, unaiona barabara? Akacheka, akasema hapo sioni kitu.

Nilipotoka, madereva wameshatangulia, natembea na mkongojo wangu pole pole, nikaona foleni ya mikokoteni imekwama mbele. Lori la Baba Hawa limepaki pembeni karibu na mtaro, taa zinawaka na kuzima, injini imezimwa. Wasukuma mikokoteni wanamzomea.

"Mzee toa gari! Unatuzibia njia!"

Akatoa kichwa dirishani, simu sikioni.

"Subirini jamani! Si mnaona naongea na simu?"

Nilisimama pale peke yangu nikacheka, na safari hii hakuna kilichouma.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba dereva hayuko peke yake kwenye hiyo simu. Upande wa pili kuna mtu anayempigia. Mke, bosi, mteja, shangazi wa group. Ukimpigia mtu, muulize kwanza, "Unaendesha?" Akisema ndiyo, kata. Hujamkosea adabu, umemlinda, na umemlinda fundi mmoja anayevuka kwenda kununua zipu.

Na wewe abiria, kumwambia dereva aweke simu chini sio ujuaji. Mwambie.

Kuna aliyewahi kumwambia? Alikujibu nini, na ulishuka au ulivumilia? Na madereva mliomo humu, mabosi zenu wanawaelewa msipopokea? Semeni, hata wa kunipinga karibuni. Nitajibu nikimaliza sare zilizo mbele yangu.