Mjomba Alipoisilimisha Simu

Majuzi mpwa wangu alikaa jikoni akanieleza habari za mtandao huku nikimenya vitunguu. Anasema kuna ugomvi mkubwa duniani: wenye nyaya wabebe kila ujumbe kwa usawa, wa heri na wa upuuzi, au wachague upi upite mbio na upi ujikokote? Kisha akaniuliza, mtu anayeamini kwamba nchi ni ya dini moja na watu wake wamoja angesemaje juu ya jambo hilo? Alidhani ameniletea swali jipya. Nikaweka kisu chini nikacheka, kwa sababu swali hilo nililala nalo nyumba moja huko Mtopanga, na jibu lake nusura linikoseshe kazi.

Nilikuwa nakaa kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Alifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Kipevu kwa miaka mingi, na kwa ajili ya kazi hiyo alivutiwa waya wa simu nyumbani, peke yake katika kichochoro chetu. Ilikuwa simu nyeusi, nzito, imekaa juu ya kigoda chake chini ya kitambaa cha kufuma, na kufuli ndogo ya kuzuia wapigaji wa bure. Mjomba alikuwa mtu mwema, na ni vizuri niliseme hilo sasa kabla sijaanza kumchambua. Mtaa mzima ulipokea simu kwake. Ikilia, mkewe, mkaza mjomba wangu, anapokea, anatoka uani, anamwita anayetafutwa: muuza duka, mvuvi, fundi cherehani kutoka bara, yeyote. Hakuna aliyeulizwa anasali wapi.

Kisha vyama vya siasa vikawa vingi, na kila baraza likapata msemaji. Wazee wenzake mjomba, waliokutana baada ya alasiri, wakaanza kusema kwamba pwani ni nchi ya waumini, ina wenyewe, na kwamba wageni wamekaribishwa sebuleni wakajipeleka mpaka chumbani. Sisemi yote yalikuwa uongo. Mimi mwenyewe nilikuwa natafuta kazi, na nilijua ni milango mingapi ilifunguliwa wa bara wakapita nami nikaambiwa nije kesho. Lakini mjomba hakujua kuacha jambo barazani. Alirudi nalo nyumbani akalitafutia pa kulianzia, na jicho lake likaangukia simu.

Hoja yake ilikuwa hivi. Bandari ina lango na msikiti una mlango, basi vipi simu iwe wazi kama njia ya mbuzi? Nguzo zimechimbiwa katika mashamba yetu, nyaya zapita juu ya misikiti yetu, halafu zinaleta habari za ulevi kwa kasi ile ile ya habari za maziko. Kwake yeye huo haukuwa usawa, ulikuwa utovu wa heshima. Kitu kilichopita katika ardhi ya waumini lazima kiwatangulize waumini.

Mkaza mjomba alikuwa akichuja tui. Hakuinua hata kichwa.

"Waya hauna dini, bwana," alisema. "Na ukiusilimisha, nani atautahiri?"

Mjomba akatangaza utaratibu. Simu za dini na za baraza zitangulie, na zikija, mwingine yeyote aliye kwenye laini akatwe. Wafuatie waumini wa pwani, kisha waumini wa bara. Waliobaki waambiwe wapige tena baada ya isha. Na kwa kuwa haifai sauti ya mwanamke kupokelewa na mtu asiyejulikana, mkaza mjomba akauzuliwa, nami pia; mpokezi akawa mjomba mwenyewe.

Sasa, katika waya utamjuaje muumini wa pwani? Mjomba aliona jambo hilo ni rahisi. Kwetu mtu hutambulikana kwa salamu. Anayerukia haja yake kabla ya kukuuliza hali, na wa nyumbani, na watoto, na yule mgonjwa wenu, huyo tunamhesabu amelelewa na kuku. Basi mpigaji alipimwa kwa salamu. Atoe salaam kamili, aulize hali, aulizwe hali, kisha mjomba amuulize, "Nawe u mwana wa nani?" Muda wote huo masikini yuko ndani ya kibanda cha simu kando ya barabara anakilisha sarafu. Wengi walikatika wakiwa bado wanamtaja babu.

Mimi wakati huo nilikuwa nimefanya mahojiano katika kampuni moja ya mizigo Changamwe, wakitafuta mtu wa kukaa kwenye swichibodi, ile mashine ya kuunganishia simu za ofisi. Waliniambia watanipigia wiki ile, na wasiponipata watamchukua anayenifuata. Nilikuwa nimemaliza shule zamani, nimechoka kuchambua mchele na kusikia shangazi wakininong'onea habari za wajane wenye maduka. Kazi ile niliitaka kama mtu anavyotaka kupumua. Nikamweleza mjomba. Akasema inshallah, wakiwa watu wa heri watasalimu. Nikamwambia ni ofisi, na ofisi hazisalimu. Akasema huo ndio ugonjwa wenyewe.

Siku mbili tatu baadaye nilimsikia akisema katika simu, kwa upole kabisa, "Bibi, hujasalimu," kisha akaiweka chini. Nikamuuliza ni nani. Mwanamke wa haraka, akasema, wa bara, alitaka msichana fulani bila hata kuuliza nyumba imeamkaje.

"Msichana mwenyewe ni mimi, Mjomba. Hiyo ilikuwa kazi yangu."

"Kama ni riziki yako," akasema, "itarudi na adabu."

Wallahi siku ile nilimchukia. Nilitoa mkeka nje nikaupiga mpaka jirani akaniuliza mkeka umenikosea nini. Kesho yake nikaenda mwenyewe Changamwe, na bawabu akaniambia langoni kwamba wanaoingia ni walioitwa kwa simu. Nikarudi nyumbani nikakaa karibu na kile kigoda, nakodolea macho kitu ambacho siruhusiwi kukigusa.

Lakini watu si wajinga. Wapangaji wa bara walikwisha kuona mlango ulipo, wakawaagiza jamaa zao: ukipiga, anza na salaam ndefu, uliza wazima wote, hata usiowajua, na alhamdulillahi zisikupungukie. Haukupita muda, hapakuwa na waliosalimu vizuri katika laini ile kuliko watu waliozaliwa huko bara, ng'ambo ya Voi. Mjomba akalipelekea baraza habari njema kwamba nuru inaenea.

Ijumaa, karibu na wakati wa sala, ikaja sauti iliyompita kila mtu. Iliuliza hali yake, ikamrehemu marehemu babake, ikaombea pwani. Mjomba alisimama wima kumsikiliza, mkono kifuani. Haja ya mtu yule ilikuwa ndogo: mpangaji mpya wa nyuma ya kinu cha unga aambiwe mzigo wake umefika. Kwa sauti kama ile mjomba hakutaka kutuma mtu. Alivaa kanzu, kofia na kilemba, akashika bakora, akaenda mwenyewe. Mpangaji yule, kama mtaa wote ulivyojua isipokuwa mjomba, alikuwa anafungua baa. Wenzake wa baraza, wakielekea msikitini, walimkuta mlangoni anaipeleka habari ya kuwasili kwa bia, na mwenye baa kwa furaha amemletea kiti.

Simu ikalia nyumbani mjomba akiwa huko. Kufuli ilizuia kupiga, haikuzuia kupokea. Nikamtazama mkaza mjomba. Akanigeuzia mgongo.

"Mimi sioni," akasema. "Nina tui."

Nikainua. Alikuwa yule mwanamke wa haraka, karani wa Changamwe; alifoka kwamba anapiga kwa mara ya pili, na je, pale ni nyumbani kwa watu au ni chuo cha Kurani? Kisha akasema nianze kazi Jumatatu.

Mjomba aliporudi kutoka msikitini mchana ule hakula. Kesho yake akamrudishia mkewe simu, eti ana shughuli nyingi. Mkewe akamuuliza nani atangulizwe. Akasema, kwa sauti ndogo, aliyepiga kwanza.

Sikuwa nimemaliza mwezi kazini alipopiga. Taa zilikuwa zimewaka nne kwenye swichibodi, yake ya mwisho, na nilipoipokea nikasikia salaam yake yote, haina pungufu. Kidole kilikuwa tayari kumpitisha. Huyu alinilisha, alinivika, alinisomesha. Ndipo nilipojua jinsi ilivyo tamu kumtanguliza wako, na nikaogopa utamu wenyewe.

"Mjomba, nisamehe, subiri. Kuna waliokutangulia."

Nikamshughulikia dereva wa Mikindani asiyesalimu, kisha wengine wawili. Niliporudi kwa mjomba nilimkuta anaongea na watu. Baraza zima lilikuwa sebuleni kwake.

"Nyamazeni," alikuwa akiwaambia, na sauti imemjaa fahari. "Ni mkubwa huko. Hata mimi, mjombake, nimewekwa foleni."