Ukoo Usiolala Kitandani

Siku kaka yangu alipoambiwa kuna kitu tumboni mwake kinaweza kupasuka wakati wowote, ukoo wetu ulimpongeza.

Sitanii. Walimpigia makofi sebuleni kwa mama yetu.

Tulieni niwaeleze, maana bado nina hasira na nikianzia katikati nitatukana.

Sisi ni mafundi makochi. Baba alikuwa fundi, kaka ni fundi, na mimi ni fundi, ingawa wateja wakinikuta mlangoni huniuliza fundi yuko wapi. Karakana tuliachiwa na baba. Kaka anapiga mbao na kubandika sponji, mimi nakata vitambaa na kushona.

Sasa ukoo wetu una sifa moja ya kijinga kupita kiasi.

Wanaume wa kwetu hawaugui, wanaanguka tu. Babu alianguka akipanda ngazi. Baba mkubwa alianguka akinyoa ndevu. Baba yangu alianguka karakanani, katikati ya viti viwili ambavyo alikuwa hajavivalisha kitambaa.

Familia yenye akili ingekaa ijiulize kulikoni. Ya kwetu ikafanya sifa.

"Watu wa kwetu hawalali kitandani."

Wanaisema harusini, wanaisema msibani, na wachumba wanaokuja kuposa wanatajiwa hiyo kabla hata hawajakaribishwa maji.

Msemaji mkuu wa upuuzi huo ni baba mdogo, mdogo wake baba. Anaitwa Nondo, na msidhani watu ndio walimpa jina hilo. Alijipa mwenyewe. Ukimwambia una mafua, anakutazama kama umemwibia kitu.

Haya. Siku hiyo tulikuwa tunashusha kochi la watu watatu kutoka ghorofani kwa mteja. Kaka alikuwa chini, mimi juu. Tulipofika kwenye kona ya ngazi akaachia upande wake, akashika kiuno.

"Mgongo," akasema.

Hilo ndilo neno baba alilokuwa akilirudia wiki nzima kabla hajaanguka.

Nikamwambia twende hospitali.

"Acha kiherehere, mdogo wangu. Ni msuli tu."

"Simama wima basi."

Akajaribu, akashindwa. Tukaenda.

Wakampima, wakamlaza kwenye ile mashine ya duara, wakampiga picha. Tukasubiri sana. Daktari alipotuita tuliingia wote wawili, na nashukuru niliingia, kwa sababu kaka yangu ana masikio ya mapambo.

"Mgongo wako si mbaya," daktari akasema. "Kuna msuli umevutika. Utapumzika na utameza dawa za maumivu."

Kaka akaanza kufunga vifungo vya shati. Kwake kikao kilikuwa kimekwisha.

"Ngoja kwanza. Kwenye picha tumeona kitu kingine ambacho hatukuwa tunakitafuta."

"Kitu gani?" nikauliza mimi.

"Kuna mshipa mkubwa wa damu unaotoka kwenye moyo na kushuka mpaka tumboni. Wa kwake umetanuka. Mmewahi kuona tyubu ya baiskeli ikitoka uvimbe upande mmoja?"

"Mbona siumwi tumbo?" kaka akasema.

"Mara nyingi hauumi. Wengi tunawagundua hivi hivi, wamekuja kwa jambo lingine. Ukipasuka, wengi hawafiki hospitali. Unavuta sigara?"

"Kidogo."

Kidogo! Mtu anawasha ya pili kwa moto wa ya kwanza.

"Kwenu kuna mtu aliyewahi kufa ghafla?"

Kaka akatabasamu. Naapa, alitabasamu.

"Wote, daktari. Watu wa kwetu hawalali kitandani."

Daktari akaweka kalamu mezani taratibu. Akamwangalia kaka, akaniangalia mimi, akarudi kwa kaka.

"Unakwenda kwa daktari wa upasuaji wa mishipa wiki hii," akasema. "Na ndugu zako wa damu wote wapimwe. Tatizo hili hufuata ukoo."

Jioni kaka akamweleza mama. Mama akampigia simu mtu mmoja, na kufikia Jumapili sebule ilikuwa imejaa. Nondo akakaa kwenye kiti cha baba bila kukaribishwa.

Akasikiliza. Kisha akacheka, akasimama, akampiga kaka begani.

"Kumbe na wewe ni wetu kabisa!"

Hapo ndipo makofi yalipopigwa. Watu wazima, wenye watoto wao, wanampigia makofi mtu aliyeambiwa anaweza kufa akifunga kamba za viatu.

"Sasa sikia," Nondo akaendelea. "Madaktari wanataka kukuchana. Ukikubali, utakuwa mwanamume wa kwanza wa ukoo huu kulazwa. Baba yako hakulazwa. Alikufa kiume."

"Baba mdogo, baba alikufa kwa maumivu," nikasema.

"Wewe mtoto wa kike unajua nini?"

Mama alikuwa anaangalia sakafu. Tangu baba afe, kila neno hilo la kufa kiume likitajwa, mama huangalia sakafu.

Kubwa lililoniuma ni kwamba kaka alikuwa anaitikia kwa kichwa. Alikuwa anaogopa kisu kama mtu yeyote mwenye ngozi, na hapo alikuwa ameletewa uoga uliovalishwa suti ukaitwa ushujaa.

Kesho yake nikafunga karakana na ufunguo nikautia mfukoni.

"Fungua, kuna kazi za watu," kaka akasema.

"Hakuna kazi. Sishiki tena upande wa pili wa kochi lako. Tafuta mwingine wa kukuona ukianguka. Mimi nilishamwona baba, inanitosha."

Akafoka, akaniita mkaidi, akasema ananijua tangu nikiwa natambaa. Nikakaa juu ya ngazi ya karakana nikala karanga. Mwisho akakaa pembeni yangu, akaomba karanga.

"Naogopa," akasema.

"Najua. Twende ukiwa unaogopa hivyo hivyo."

Daktari wa mishipa alipoiona picha hakutaka hata kaka arudi nyumbani. Akasema mshipa umetanuka kiasi cha kuhitaji upasuaji haraka, na kwamba ukikaribia kupasuka maumivu yake huweza kuanzia mgongoni. Kaka akalazwa. Naam, kitandani.

Siku moja kabla ya upasuaji, nimekaa naye wodini, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Nondo huyo, na suti yake ya kijivu.

"Vaa viatu. Tunaondoka."

"Baba mdogo, tafadhali," nikasema.

"Nyamaza wewe. Umemtia mwenzako woga wa kike." Akamgeukia kaka. "Hakuna mtu wa damu yangu atakayechanwa humu. Vaa viatu!"

Na kaka, jinga langu lile, likaanza kutafuta viatu chini ya kitanda.

Wakati huo huo nesi akaingia na mashine ya kupimia presha. Mama mtu mzima, mchangamfu. Akamwona Nondo, uso ukamng'aa.

"Shikamoo mzee wetu! Mbona umewahi? Kipimo chako si mwezi ujao?"

Nondo akakohoa.

"Umenifananisha, mama."

"Nikufananishe wewe? Miaka yote hiyo nagombana na wewe uvue shati ili..."

Akaona sura zetu. Akaziba mdomo kwa kiganja, akageuza mashine yake, akatoka.

Kaka alikuwa bado ameinama, kiatu kimoja mkononi.

"Kipimo cha nini, baba mdogo?" akauliza.

Nondo akatafuta pa kujishikia. Akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa, yeye mwenyewe, Nondo.

Akasema yote kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Kuna mwaka alituaga kwamba anakwenda mbali kununua mbao. Akarudi amekonda, tukaambiwa ni shida za safari. Hakukuwa na mbao. Alikuwa amekwenda kupimwa vijiwe vya figo, wakauona mshipa wake umevimba, wakamfanyia upasuaji katika jengo hilo hilo. Tangu hapo anarudi kila mwaka kuangaliwa.

"Hawakukuambia ndugu zako wapimwe?" nikauliza.

"Waliniambia."

"Wakati huo baba alikuwa hai?"

Akashika kifungo cha shati lake.

"Alikuwa hai."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Niliona haya. Ningeanzia wapi? Mimi?"

Kaka akaweka kiatu chini. Akapanda kitandani upande mwingine, akajifunika shuka mpaka kifuani.

"Toka," akasema. "Nataka kulala."

Upasuaji ulikwenda salama. Kaka anatembea, sigara ameacha, na mimi nimepimwa, mshipa wangu uko sawa. Wanaume waliokuwa wanapiga makofi sasa wanajipanga kwenye foleni ya kipimo kimyakimya, kila mmoja akidai amesindikiza mtu.

Kaka alipotoka hospitali, watu wakaja tena kumwona. Nondo naye akaja. Hana aibu yule. Akakohoa, akaanza, "Sisi watu wa ukoo huu..."

"Vua shati," mama akasema.

Yale ya wodini nilishamweleza, lakini hakuna aliyewahi kumsikia mama akimwamuru mtu. Nondo akatazama huku na huku, hakuona wa kumtetea. Akafungua vifungo kimoja kimoja. Kovu lilianzia chini ya kifua likapita kando ya kitovu mpaka kwenye mkanda.

Mama akaliangalia kwa muda mrefu.

"Wiki ile ya mwisho nilimkanda mume wangu mgongo kila siku kwa maji ya moto," akasema. "Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti hicho hicho, unakunywa chai yangu. Ukaniambia atapoa. Na siku ya mazishi ukanikataza kulia."

Mama akaanza kulia pale pale, kwa sauti, mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyemnyamazisha.

Mimi nimemdharau mtu huyu tangu utotoni kwa sababu ya domo lake. Sikujua kwamba kilichostahili dharau ni siku aliyonyamaza.

Kwa hiyo, wewe unayesoma: ukienda kupimwa kitu kimoja wakakuambia wameona kingine, usikimbilie vifungo vya shati. Kaa usikilize. Na kama kwenu watu wanaanguka tu, acheni kujisifia, mkapimwe.

Ukishaambiwa, mwambie ndugu yako siku hiyo hiyo, hata ukionekana dhaifu. Usimwache akikandwa mgongo.