Midomo ya Mzee Chome

Kinondo nzima ilimjua Mzee Chome kwa mashavu yake. Akipuliza zumari, yalivimba kama samaki bunju aliyetolewa majini, na pumzi haikukatika: alivuta kwa pua huku akitoa kwa mdomo, mpaka wachezaji wachoke yeye bado. Mchana alilima muhogo, jioni akaitwa harusini. Leo Galu, kesho Msambweni. Kupumzika alikusikia kwa watu.

Mwaka wa pili wa uhuru, meno yake ya mbele yakamwacha, moja baada ya jingine. Zumari likawa linavuja pumzi na kulia kama mbuzi mgonjwa. Na binti yake wa mwisho, Kadzo, alikuwa amekwisha poswa.

"Baba," alisema Kadzo, "mabinti wa watu wote umewatoa kwao kwa zumari. Mimi nisipotolewa nawe, sitoki."

Chome akajikokota hadi Galu kwa Ngala, mtu wa Rabai aliyepuliza saksafoni katika bendi ya hoteli. Naye alikula kwa midomo yake. Huenda alikuwa na dawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu nitazame kinywani, mwanangu."

Ngala akatazama, akasikitika. "Wapiga jazi wa Marekani huiita midomo hii 'chops'. Ni neno la zamani la Kiingereza, maana yake taya na kinywa. Wapuliza tarumbeta wakalichukua kwa midomo yao. Ikichoka, husema chops zimekwisha."

"Basi zangu zimekwisha. Dawa yake?"

"Dawa sina. Lakini neno lenyewe halikukaa mdomoni, mzee. Lilikuja kuwa ustadi wa mtu. Siku hizi hata mpiga ngoma husifiwa kuwa ana chops."

"Mpiga ngoma! Yeye apuliza nini?"

"Hapulizi kitu. Ana mikono."

Chome akacheka bila raha. "Neno limepata pa kuhamia. Mimi mzee nitahamia wapi?"

Nyumbani, mkewe Mbodze alimpokea mlangoni. "Haya, hoteli imekupa meno?"

"Imenipa neno."

"Tulipike?"

Asubuhi yake Chome akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Alimwendea Mwero wa Msambweni, mpulizaji mwenzake na mshindani wake wa miaka yote, akamkabidhi zumari. Mwero akadhani anatukanwa.

Siku ya harusi Mwero akasimama mbele. Chome akaketi nyuma na kigoma cha chapuo mapajani, mahali alipozoea kupaita pa wasio na pumzi. Mwero, kwa hofu ya zumari la mwenzake, akaanza kukimbiza wimbo. Chome akamrudisha taratibu kwa viganja, kama mtu arudishavyo ng'ombe njiani.

Kadzo alisimama mlangoni, amefunikwa kanga, hasogei. Alikuwa akisikiliza. Mkono ule aliujua: ndio uliompigapiga mgongoni utotoni mpaka alale, kwa mwendo uo huo. Akatoa mguu, akatoka.

Walipokwisha kwenda wote, Chome alijitupa mkekani na kanzu yake, viganja vimevimba. Mbodze akamletea maji ya moto yenye chumvi.

"Mdomo umepumzika," alisema Chome. "Sasa mikono ndiyo inayouma."

"Na miguu?"

"Miguu usiiulize, mama Kadzo."