Fundi wa Matisi Hakuuawa na Sukari

Fundi aliyenipunguzia suruali zangu zote tangu nihamie Kitale amekufa. Lori lilikatika breki, likaacha barabara na kumfuata pembeni alikosimama na furushi la sare za shule. Aliyenipigia simu kunipa habari hizo hakungoja hata nipumue, akaongeza, "Lakini si unajua pia alikuwa na sukari?" Nilimuuliza kama hiyo sukari ndiyo iliyokuwa imeshika usukani. Akaudhika. Mimi nilikuwa nimeudhika zaidi yake, na kwa kuwa hasira hiyo haijaniisha, wasomaji wangu mtanisamehe leo nikiacha siasa za kaunti zikae pembeni.

Alikuwa na cherehani moja kwenye kibaraza kule Matisi, na mdomo usiomwogopa mteja. Miaka saba iliyopita, akiwa na mimba ya kitinda mimba wake, aliambiwa kliniki kwamba ana sukari ya mimba. Akajidunga sindano za insulini hadi siku ya kujifungua, na kila mtu akamtuliza kwamba mtoto akitoka, nayo itatoka. Nadhani jina lenyewe lilitupumbaza. Ukiita kitu cha mimba, nani atakitafuta mimba ikiisha? Mimi mwenyewe nilikwenda kumwona mtoto nikiwa nimebeba mkate na kilo mbili za sukari, kama tunavyofanya sote. Alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaniambia, "Hii utakunywa wewe ukikuja." Hakuwa anatania. Kila nilipopita kwake nilitengenezewa chai tamu kutoka kwa pakiti zangu mwenyewe, naye akinywa strungi, chai kavu isiyo na maziwa wala sukari, huku akinicheka, mpaka zikaisha.

Alikuwa ameshaanza kushuku. Kiu haikumwacha, na chooni alikwenda mara nyingi mno. Mtoto alipofikisha wiki sita akampeleka chanjo, na yaliyotokea huko alinisimulia akiigiza sauti zote mbili. Mtoto alipimwa uzito, akadungwa, kitabu kikajazwa, akaambiwa aende nyumbani. Hakuondoka.

"Mtoto ako sawa, sista. Sasa mimi ndio mnipime."

"Si yako ilikuwa ya mimba, mama? Mimba si iliisha?"

"Iliisha, ndio. Na sukari iliambiwa na nani?"

Foleni nzima ikacheka. Muuguzi naye akacheka, na kwa haki yake niseme alimpangia arudi asubuhi ya pili bila kula. Alirudi, wakampima, wakampima tena siku nyingine. Daktari akamwambia kwamba hii si ya mimba tena, ni yake. Alilia njia nzima ya kurudi Matisi, na hakuona aibu kuniambia. Halafu akafuta uso, akamjibu daktari aliyekuwa keshabaki nyuma kabisa: "Basi kama ni yangu, mimi ndio nitaipangia."

Vita vya kwanza vilikuwa vya uji. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka Matulo kumlea mzazi, na kila asubuhi alipika sufuria la uji wa wimbi uliokolea sukari ili maziwa yatoke. Fundi aliukataa. Akataka kikombe kimoja tu, kisichotiwa sukari, chenye maziwa lala. Mama mkwe alinuna siku tatu, akiwauliza majirani ni maziwa gani hayo yatatoka kwa mtu anayekula kama ndege. Maziwa yalitoka. Mtoto alinyonya hadi mashavu yakajaa, na mama mkwe mwenyewe akaanza kumpunguzia ugali sahanini na kumwongezea mboga za sagaa na kunde. Vidonge alimeza kila siku. Kila jioni alifunga cherehani na kutembea hadi mjini na kurudi, mvua au jua, na tulipomwuliza anaenda kununua nini alisema anaenda kununua miguu yake, isije ikakatwa. Kuna wiki sukari ilipanda hata baada ya kufanya yote hayo. Alikasirika, akarudi kliniki, wakambadilishia dawa, akaendelea. Kidole alijichoma kupima sukari bila kukunja uso, maana kwa fundi wa nguo sindano ilikuwa kitu cha kila siku.

Tulimzika Matulo Jumamosi. Msemaji wa familia alipofika kwenye habari za ugonjwa, alisema kwa sauti ya huzuni kwamba dada yetu alipigana na sukari ikamshinda. Mama mkwe wake aliinuka pale mbele, mkongojo mkononi, bila kuitwa. "Ati ikamshinda? Huyu mtoto wangu hakushindwa na sukali. Ni loli. Sema tena, na useme vizuli." Msemaji akasema tena, vizuri. Sijawahi kumpenda mwanamke mzee kama nilivyompenda yule mama dakika ile.

Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba ugonjwa huu ni hukumu. Hukumu ni kumpima mtoto kila mwezi na kumsahau aliyembeba, halafu kusimama kaburini tukitikisa vichwa. Uliyeambiwa una sukari ya mimba, rudi ukapimwe baada ya kujifungua, na hata wakikwambia imetoka, uwe unarudi kila mwaka. Ukiambiwa si lazima, kaa hapo hapo kwenye benchi.

Nasema hivi nikiwa na aibu. Binti yangu alijifungua Bungoma miezi miwili iliyopita, naye alikuwa na sukari ya mimba, akaambiwa maneno yale yale, nami niliyaamini kama mtu asiyejua lolote. Nilimpigia simu nikiwa bado na udongo wa kaburi kwenye viatu. "Baba, si hiyo iliisha?" aliniuliza. Nikamwuliza nani alimpima. Nikasikia mtoto akilalamika, naye akimbembeleza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na wakiipata je?" Nikamwambia basi itakuwa kazi, na kazi hiyo nimemwona mwanamke akiifanya miaka saba, akalea, akashona, akacheka.