Mguu wa Kushoto wa Esha

Esha wa Milalani, upande wa Msambweni, alikuwa mshonaji wa makuti. Majani ya mnazi aliyakunja juu ya ufito, akayabana kwa ukindu, na kuti likiisha alilitupa kando bila ya kulitazama, mkono wa pili umekwisha shika ufito mwingine. Mapaa ya hoteli za Diani yaliezekwa kwa makuti kama hayo, na wenye malori ya kuyakusanya walimjua kwa jina. Wasilolijua wengi wao ni kwa nini hakuinuka kuwapokea. Aliketi mkekani, leso imefunika miguu, akawakaribisha kutoka hapo hapo.

Alikuwa na matende. Yalimwanza alipokuwa na miaka ishirini na sita, baada ya kujifungua mtoto wake wa tatu. Homa ilimpiga ghafla, mtoki ukamtoka kinenani, na mguu wa kushoto ukawa wa moto kama umemwagiwa uji. Siku ya nne homa ikamwacha na uvimbe ukapungua, lakini mguu haukurudi kama ulivyokuwa. Mwaka uliofuata mambo yakawa yale yale. Kila homa ilipoondoka iliacha kitu nyuma, hata kufikia mwaka 1997, Esha akiwa na miaka arobaini na moja, mguu ule ulikuwa mnene kutoka gotini hadi vidoleni, hauna kifundo, na ngozi yake imekuwa ngumu yenye mikunjo.

Si kwamba hakutafuta dawa. Mganga mmoja alimwambia amekanyaga fingo, dawa ya kichawi iliyofukiwa njiani kumtega mtu mwingine. Wa pili alimchanja kwa wembe ili damu mbovu itoke, na vidonda vya chale hizo vilikaa miezi minane. Tangu hapo Esha aliapa kwamba hampi mtu tena mguu wake. Mumewe Suleiman, mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani, alikuwa mtu wa maneno machache. Homa ilipokuja alichota maji, akanunua vidonge dukani.

Machi mwaka huo homa ilimkuta kazini. Alitetemeka hata ufito ukamtoka mkononi. Suleiman alimpakia kwenye baiskeli na kumsukuma hadi zahanati. Nesi wa zamu alikuwa Everline, msichana wa bara, kutoka Busia, ambaye hakuwa ametimiza mwaka pwani. Alimpa dawa ya homa, kisha akavuta kigoda, akaketi, akauinua mguu wa Esha na kuulaza mapajani mwake, juu ya sare nyeupe.

Esha alitaka kuuvuta. Ilikuwa miaka mingi hajaguswa mguu ule na mtu asiye na wembe.

"Tulia, mama," Everline alisema. "Hii mguu imekuwa hivi tangu lini?"

Esha alimweleza kwa ufupi. Everline alivipanua vidole kimoja kimoja. Baina ya kidole cha nne na cha mwisho palikuwa na ufa mweupe uliolowa, unanuka.

"Angalia hapa. Ile kitu ilivimbisha mguu ni minyoo ya mbu, ilianza zamani sana. Lakini hizi homa zinaingilia hapa, kwa hii ufa. Ukiziba hapa, homa itakosa njia."

"Mimi miguu naiosha mara tano kwa siku," Esha alijibu, sauti yake baridi. "Sisi tunatawadha. Huko kwenu sijui."

"Najua unaosha. Unakausha?"

Everline akamwonyesha: maji safi na sabuni, kila mkunjo upitishwe kidole, kisha kitambaa laini, na pale baina ya vidole kitambaa kisokotwe kipite taratibu, pasibaki unyevu. Penye ufa papakwe dawa, ambayo alimpa pamoja na kipande cha sabuni. Anapoketi, mguu uinuliwe, na wayo uchezeshwe juu na chini.

"Halafu utapungua?" Suleiman aliuliza kutoka mlangoni.

"Unaweza kulainika kidogo. Kurudi kama ule mwingine, hapana. Siwezi kuwadanganya."

Esha alirudi nyumbani amekasirika. "Nimekwenda na mguu, nimerudi na sabuni," alimwambia mumewe. Sabuni ile aliioshea vyombo.

Mwezi wa Mei, masika yamekolea, homa ilirudi ikakaa siku tatu. Siku ya nne, Suleiman amekwenda kazini, Esha aliketi peke yake ukingoni mwa kitanda, akauvuta mguu kwa mikono miwili mpaka ukakaa juu ya goti la kulia. Hakuwa ameutazama hivyo kwa miaka. Alivipanua vidole kama alivyomwona nesi akifanya. Nyufa zilikuwa mbili, na mojawapo ilikuwa ikitoa maji.

Alianza siku hiyo, wala si kwa kuamini. Alitaka afuate kila neno la yule msichana, kisha homa ije, aende akamwambie usoni kwamba kazi yake haina maana. Asubuhi na jioni alikaa na beseni. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko alivyodhani, kwani mikunjo ya nyuma ya mguu haikuonekana, ikabidi aitafute kwa vidole. Akishona makuti aliuweka mguu juu ya gogo lililotandikwa mto. Suleiman naye alitia matofali mawili chini ya miguu ya kitanda, upande wa kulaza nyayo.

"Sasa tunalala vichwa bondeni," alisema.

Juni ikapita, na Julai. Homa haikuja. Esha alijikuta kila asubuhi akipapasa kinena kutafuta mtoki, na asipouona hajui afurahi au angoje.

Mwisho wa Agosti alikata shauri aende zahanati. Alibeba madafu manne. Akakuta chumba cha nesi kimefungwa. Vurugu za kuwafukuza watu wa bara zilikuwa zimezuka Likoni na kuenea hadi Ukunda, na wale waliokuwa na pa kwenda walikuwa wamekwenda. Mlinzi alimwambia kwamba Everline alipanda basi na begi moja. Esha akampa mlinzi yale madafu, akarudi.

Oktoba ikaja mvua ile ambayo redio iliiita El Niño. Ua wote ukawa matope, na njia ya chooni ikawa kijito. Esha alikuwa akitembea pekupeku, kwa kuwa hakuna kiatu kilichomwenea, na alijua sasa kwamba tope lile litamharibia kazi ya miezi mitano. Lori la makuti lilipokuja aliomba apandishwe mbele, akashuka Ukunda kwa Ngala, fundi wa viatu.

Ngala aliutazama mguu, hakushtuka wala hakuonyesha huruma. Alitandika karatasi ya mfuko wa saruji, akamwambia asimame juu yake, akauzungushia penseli mguu mmoja, kisha wa pili.

"Ukikanyaga, uzito unauelekeza wapi? Kisigino au pembeni?"

"Pembeni."

"Na mkanda ukubane wapi?"

"Usinibane popote."

Ngala alicheka. "Basi utakuacha njiani, mama. Nitaufanya mpana, ndani nitautia blanketi."

Alimkatia akala, ndara za mpira wa gari, ya kushoto karibu mara mbili ya ile ya kulia. Esha alitembea nazo mbele ya kibanda, watu wanapita, wengine wanageuka. Alikwenda hadi kwenye nguzo ya stima na kurudi.

Novemba maji yaliingia ndani ya nyumba, yakakaa siku mbili. Asubuhi ya tatu Esha aliona ufa mpya. Kufika adhuhuri baridi ikaanza kumtambaa mgongoni. Barabara ilikuwa imekatika darajani, na zahanati haifikiki. Alichemsha maji akayaacha yapoe, akaosha, akakausha, akapaka dawa iliyobaki, akajilaza na mguu umeinuka juu ya rundo la makuti. Homa ilikaa usiku mmoja na mchana mmoja, kisha ikaondoka. Haikuwahi kuwa fupi hivyo.

Everline alirudi Aprili mwaka 1998. Esha alipopata habari alikwenda siku ya pili yake.

"Shikamoo, mama," Everline alisema. Neno hilo lilikuwa limeanza kumkaa mdomoni.

"Marahaba. Uliondoka hukuniaga."

Everline aliinamisha kichwa. "Sikuaga mtu."

Everline alivuta kigoda, akauchukua mguu, akavipanua vidole, akavitazama kwa muda.

"Nani alikuwa anakuosha?"

"Nani tena? Mikono ninayo."

Mguu ulikuwa bado mkubwa, ila ngozi imelainika, na mikunjo miwili ya chini ilikuwa imefunguka. Everline akamwomba awe anakuja siku za Jumanne kuwaonyesha wagonjwa wenzake, kwani wao walimsikiliza nesi wakaitikia, kisha wakaenda zao kama alivyokwenda Esha.

Wa kwanza kuletwa kwake alikuwa Jumwa, mwanamke wa miaka thelathini kutoka Gazi, ambaye uvimbe wake ulikuwa bado mdogo. Jumwa aliketi barazani akiwa amevuta leso hadi chini, anatazama foleni ya watu, anakataa kujifunua. Esha alimwacha. Kisha akaipandisha leso yake mwenyewe hadi gotini, mbele ya foleni nzima, akauweka mguu wa kushoto ndani ya beseni na kuanza kuuosha. Foleni ikanyamaza, halafu ikaendelea na mazungumzo yake.

Jumanne ya tatu Jumwa alikuja na kitambaa chake. Aliuliza kama maji yawe ya moto.

"Ya moto yatakuchuna ngozi," Esha alimwambia. "Yachemshe, yaache yapoe. Haya, nipe mguu." Akamshika kidole cha mwisho, ambacho wengi hukisahau, akamwonyesha jinsi ya kukipanua pasipo kukiumiza.