Miti ya Wachelewaji

Katika shule niliyofundisha upande wa Kikwe, mtoto aliyechelewa paredi alipewa ndoo akamwagilie miti. Aliyepiga kelele darasani, ndoo. Aliyesikika akiongea Kimeru, ndoo. Mwalimu wetu wa nidhamu aliona amebuni jambo la maana: wazazi wanalalamikia fimbo, na miti inahitaji maji. Ukimsikiliza harakaharaka unaweza hata kumpongeza.

Mimi ndiye niliyekuwa mlezi wa klabu ya mazingira, na kila asubuhi niliona kazi yangu ikibomolewa. Mchana nasimama mbele ya watoto, nawaambia mti ni uhai, Mlima Meru ukibaki kipara mifereji yetu itakauka, ninyi ndio walinzi. Kesho yake wanawaona wenzao wakiswagwa kwenda kuuhudumia huo uhai, huku waliowahi wanawachungulia madirishani na kuwazomea. Mtoto si mjinga. Kati ya maneno yangu na ile ndoo, aliamini ndoo.

Kulikuwa na msichana mmoja wa darasa la sita, mwanaklabu. Kila alichootesha kilishika. Aliokota mbegu za mringaringa njiani, akazipanda kwenye pakiti tupu za maziwa, akazipanga kivulini nyuma ya jiko la shule. Mche mmoja uliponawiri aliuhamishia pembeni ya uwanja, akauzungushia miiba ili mbuzi wasiufikie. Likitokea jani jipya alikuja kunieleza, hata nikiwa nakula.

Siku moja ikawa zamu ya kwao kupata maji ya mfereji. Mama yake alifanya kazi kwenye shamba la maua Usa River na alishaondoka kabla hakujapambazuka, kwa hiyo mtoto ndiye aliyekwenda kuyaelekeza maji kwenye migomba. Asingekwenda, wangesubiri hadi zamu nyingine. Akafika shule bendera imeshapandishwa, miguu imejaa tope. Tope lile peke yake lilitosha kueleza alikotoka, kwa mtu yeyote aliyekulia huku. Mwalimu wa nidhamu amekulia huku. Hakuuliza kitu. Alimpa ndoo mbele ya shule nzima, akamwonyesha ule mringaringa wake mwenyewe. Watoto wakacheka.

Alimwagilia, akarudisha ndoo, na tangu siku ile hakuja tena klabu. Nilipomwita kumuuliza, alitazama chini.

"Madam, nikionekana namwagilia wanasema nimekosa tena."

Hadi leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Nililipeleka jambo hilo kwenye kikao cha walimu.

"Kwani miti haipati maji, madam?" akaniuliza mwalimu wa nidhamu.

"Inapata."

"Sasa unalalamika nini?"

Nikamwambia, kama hiyo ni njia nzuri ya kuwalea, basi wachelewaji tuwape adhabu ya kusoma vitabu, na wapiga kelele adhabu ya kusali, halafu tuone wakikua nani atashika kitabu na nani atakanyaga kanisani. Wenzangu wakacheka, wakidhani natania. Mwalimu mkuu akasema tusipoteze muda, tukahamia habari za mitihani.

Haikupita muda, ikafika siku ya kupanda miti, na mgeni rasmi akaja. Watoto wakavalishwa fulana za kijani, wakatoa ngonjera waliyokaririshwa. Mgeni alishika kipaza sauti akauliza, nani hapa anapenda kumwagilia miti, anyooshe mkono.

Hakuna aliyenyoosha. Nilimtafuta yule msichana kwa macho nikamwona katikati ya wenzake, mikono ameibana kwapani. Mgeni akatabasamu, akasema tatizo la vijana wa siku hizi hawajali mazingira, wamezama kwenye simu. Meza kuu ikapiga makofi, na mwalimu wa nidhamu akapiga kuliko wote. Simu gani? Wengi wa watoto wale hawakuwa hata na ya kuazima. Tumewafundisha wenyewe kwamba kumwagilia mti ni aibu, wamefaulu somo, sasa tunawalaumu. Niliinuka nikaondoka, soda yangu nikaiacha mezani haijafunguliwa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilipita shuleni kuchukua madaftari ya kusahihisha. Hapakuwa na mtu. Nikasikia maji yakimwagika upande wa uwanjani, nikazunguka kuangalia. Alikuwa yule msichana, bado amevaa gauni la kanisani, amechuchumaa kando ya mringaringa anamimina maji kidogokidogo kutoka kwenye dumu. Aliponiona alisimama haraka, akalificha dumu nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba."

"Naomba usimwambie mtu."